Kupoza Betri kwa Khanga

"Betri ya laki na nusu, mama, unaipoza kama mtoto mwenye homa?"

Fundi mashua wa Jibondo alikuwa akimfokea mwenye kibanda cha kuchaji simu, Kilindoni. Mama yule alikuwa ameichaji betri ya drili ya fundi kwa chaja ya drili nyingine, ikapata moto, naye akaifunika khanga iliyolowa.

"Chaja si iliingia, baba? Na moshi umeshakata."

Moshi! Chini ya meza palikuwa na dumu la petroli. Mimi, niliyekuja kuchaji simu, nikapiga kelele dumu liondolewe. Fundi akaivuta betri kwa koleo hadi mchangani, imevimba.

Jamani, chaja kuingia si ruhusa ya kuchajia. Hata mlango wa jirani unaingilika.

"Pole, baba."

"Pole nimeipokea. Sasa nipe betri nzima."