Siku Niliyosema Simjui Mama Atieno

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliposimama mlangoni kwangu mtaani Obunga nikasema simjui mwanamke niliyekuwa nikimwomba chumvi karibu kila jioni.

Mimi na Mama Atieno tulikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Sote wawili tulitaka friza, samaki wasituharibikie. Mfuko wa akina mama wa msikitini, uliopokea hata majirani wasio Waislamu, haukukopesha pesa kwa riba. Wao walinunua friza yenyewe dukani, wakakuuzia kwa bei mliyokubaliana, ukalipa polepole, na bei haikupanda hata ukichelewa. Ila kwanza mzee wa kamati, Mzee Juma, alikuja kuulizia tabia yako kwa jirani.

Basi nikasikia Mama Atieno, mtu wa kanisa kila Jumapili, ameomba kabla yangu. Wee! Wivu ulinipanda hadi kooni. Mimi niliyezaliwa Mwislamu, ninayeswali hapo hapo, nipitwe na yeye? Mzee Juma alipokuja kuniuliza habari zake, nilijifunga leso vizuri nikamwambia, "Huyo simjui."

Sikumsema vibaya, kwa hiyo nikajidanganya kwamba sijakosa. Ombi lake likawekwa kando. Samaki wake waliendelea kuoza, na mimi, Mungu anisamehe, niliifurahia ile harufu.

Zamu yangu ikafika, Mzee Juma akaenda kwa Mama Atieno kuulizia habari zangu. Nilikaa ndani nikiwasikia kupitia ukuta wa mabati. Nilijua atalipiza, kwa sababu mimi ningelipiza.

"Namjua," akasema. "Ni mchapakazi. Mpeni."

Jioni nilienda kwake bila bakuli la chumvi. Hakuniangalia, aliendelea kugeuza samaki.

"Nilijua ulisema hunijui," akaniambia. "Lakini watoto wako nawajua. Si wanakula hapa?"

Nilirudi kwa Mzee Juma nikakiri yote, nikaomba friza yangu iende kwake kwanza. Wakampa, na leo Mama Atieno ana vibanda vitatu, mimi nina kimoja, na nikipita hapo roho bado huniuma kidogo. Sikufichi.

Mwanangu, wivu utakuja tu, huna la kuufanya. Lakini ukiulizwa habari za mwenzako anayetafuta riziki, sema unachokijua, hata kama ulimi ni mzito. Mungu akupe jirani atakayesema anakujua siku utakapomhitaji, na wewe akufanye jirani wa namna hiyo.