Ubao wa Sita

Karakana nzima ilimwita Msasa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulainisha. Mjomba wake alipima, akakata, akagonga misumari. Yeye alisugua na kupaka vanishi mpaka mlango ukang'aa. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na sita kati ya hiyo alikuwa ameimaliza humo, vumbi la mbao likimjaa mpaka kwenye kope.

Kuchora alikuanzia kwa wateja. Kesho ya fundi mnaijua: mtu anaahidiwa kitanda Jumatatu, anakuja Jumatatu, anaambiwa asubiri kidogo, na kidogo hicho kinamkalisha kwenye benchi mpaka miguu ife ganzi. Msasa akawa anawachora hao waliokalishwa. Aliokota mabaki ya plaiwudi, akachora kwa mkaa na penseli, akabandika vitambaa kwa gundi ya mbao, akashonea uzi pale alipotaka mkunjo wa shati, na rangi ya ngozi akaipata kwa chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa chungu. Mjomba alipoona alisema tu, "Mpwa wangu, usinimalizie gundi."

Siku moja mama msimamizi wa ukumbi wa maonyesho alikuja kufuatilia kabati lake, akakalishwa kama wenzake. Kwa saa mbili alizitazama zile mbao zilizoegemezwa ukutani. Kabati hakulipata, lakini alimwambia Msasa alete picha sita baada ya mwezi mmoja, siku ya Ijumaa asubuhi, ziwekwe mlangoni pa ukumbi ambapo kila anayeingia ataziona.

Tano alikuwa nazo. Ya sita aliamua iwe ya marehemu mama yake, dada mkubwa wa Mjomba. Mama huyo alikuwa hapendi kamera hata kidogo. Aliacha picha moja tu ya kitambulisho, amenuna ajabu. Kwa hiyo Msasa alimchora kwa kumbukumbu, wiki tatu nzima, amekaa, mikono mapajani, amevikwa kipande cha gauni lake mwenyewe la zambarau. Uso aliumaliza Jumanne, akaulaza ubao kwenye meza ya mlangoni ili gundi ikauke.

Hapo alikosea, na mwenyewe anakiri. Karakana ile ina sheria moja: kilicholazwa kwenye meza ya mlangoni kinasubiri kupigwa msasa. Jumatano Mjomba aliwahi kufika, hakumsubiri mpwa wake, simu sikioni akimtuliza mteja, mashine ya msasa mkononi. Fundi akiona mistari ya penseli juu ya ubao haoni mtu, anaona vipimo, na vipimo hufutwa. Alianzia juu. Alishtuka pale mashine iliponasa gauni.

Msasa alipoingia alikuta mama yake hana uso.

"Nilidhani ni alama zangu," Mjomba alisema.

"Huyo ni mama."

"Nimemwona. Nimemwona nimeshachelewa."

Msasa alikuwa na hasira za kuvunja dirisha, lakini mjomba ni mjomba, humtolei maneno. Akachukua mkaa, akaanza upya. Ikatoka sura ya mwanamke asiyemjua, akaifuta. Alhamisi ikatoka nyingine, nzuri kuliko ile iliyofutwa, nayo si mama. Msasa akakaa sakafuni akalia, bila kujificha. Sura aliyokuwa nayo kichwani wiki zote zile ilikuwa imemtoka, na aliogopa kwamba haitarudi tena.

Mjomba akazima mashine. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akavua kofia na miwani.

"Pua ni hii hii," alisema. "Na paji la uso. Mdomo wake ulikuwa mdogo, hapo utanipunguza."

"Usitikisike basi, Mjomba."

"Nimeshakuwa kabati mimi."

Alikaa saa tatu. Mteja mmoja alikuja kuulizia meza yake, akajibiwa na fundi asiyegeuza hata shingo, "Leo nasubirishwa mimi, kaa tusubiri wote."

Mjomba alipoambiwa ainuke, alizunguka upande wa pili akautazama ubao. Machozi yakamtoka, akayaacha. Alifuta mikono kwenye suruali, akasema kwa sauti ya chini:

"Shikamoo, dada."

Salamu ile haiachwi bila jibu, na wa kuitikia hakuwepo. Msasa akaweka mkaa chini.

"Marahaba," akamwitikia.