Kumchagulia Mzee Kiti cha Kuwindia

Kazi ya duka la vifaa vya kuwindia niliipata kwa uongo, na uongo wenyewe sikuuanzisha mimi. Arbab, yaani bosi mwenye duka, alifungua pasipoti yangu, akaona Kenya, akaniuliza kwa Kiingereza, "Simba? Tembo? Wewe mwindaji?" Nikamjibu, "Yes sir, tangu utotoni." Ningemwambia nini? Kwetu Nyandarua tunalima viazi. Kuwinda kulipigwa marufuku Kenya kabla sijazaliwa, na kama ningekuwa mwindaji wa kweli angenikuta jela, si Deira, Dubai. Mnyama pekee niliyewahi kumvizia maishani ni jogoo wa shangazi yangu, na alinishinda.

Ukweli ni kwamba nilikuwa soja, mlinzi wa lango. Miaka miwili nilikaa langoni mwa ghala moja kule Dubai Investments Park, saa kumi na mbili kila zamu, kwenye kiti cha plastiki chenye ufa uliokuwa ukinifinya paja la kushoto kila nikijisahau. Wenzangu wa chumbani Al Muraqqabat walifanya kazi hotelini, wakirudi wananukia, nami nanukia vumbi na jua. Walinitania hadi nikaacha kusema ninafanya kazi gani. Mkataba ulipokwisha, mzee mmoja Mzanzibari wa jengo letu, aliyekuwa mtunza stoo wa duka hilo, ndiye aliyeniambia kuwa arbab wake anatafuta mtu anayejua porini.

"Lakini wewe wajua porini?" aliniuliza.

"Nitajua, Mzee."

"Haya. Mungu atusitiri sote."

Arbab alinipa miezi mitatu ya majaribio. Nikishindwa, visa inakatwa, napandishwa ndege. Na tiketi yangu ya kuja nilichangiwa kwa harambee, kijiji kizima, hata kwaya ya kanisa ilipika mandazi ikauza. Pasta aliniombea hadi mate yakanirukia. Unarudije kwa watu kama hao baada ya kufukuzwa? Niliapa kuwa sirudi.

Wateja wetu walikuwa watu wenye uwezo waliosafiri kila mwaka kwenda nchi za baridi kuwinda kulungu, wale wakubwa wenye pembe za matawi. Tuliwauzia vitu vya aina mbili. Kulikuwa na viti vya mtini, yaani kiti cha chuma chenye ngazi unachokifunga kwenye shina, ukapanda, ukangoja mnyama apite chini yako. Halafu kulikuwa na vibanda vya kitambaa vya kusimamisha ardhini, vyenye madirisha madogo, unajificha ndani ukiwa umeketi. Kwa kuwa mti hatukuwa nao, kiti kirefu kuliko vyote arbab alikifunga kwenye nguzo ya duka, karibu na kiyoyozi, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanda pale juu na kutabasamu. Nilipanda. Wallahi, mwanamume mzima nikaning'inia kama nguo ya maonyesho huku watoto wa wateja wakinielekezea vidole.

Lakini pale juu ndipo nilipogundua kuwa kuna jambo ninalolijua. Baada ya nusu saa tu nilihisi kile chuma cha mbele kikinikata chini ya magoti, na miguu ikaanza kufa ganzi. Nikasema, ala, huyu namfahamu! Huyu ndiye adui yangu wa lango la ghala. Tangu hapo nikaanza kukagua viti vyote vya duka kwa mlango wa nyuma, kama mzee wa stoo alivyopenda kusema, maana nilivikalia kimoja kimoja. Kiti cha sponji kinakudanganya, dakika kumi za kwanza ni raha, halafu sponji inalala na unakalia mabomba. Cha wavu uliokazwa kinakubeba, ilimradi ukingo wa mbele uwe laini. Kisicho na mahali pa kuegemeza mikono kinakumaliza mabega. Kinacholia ukigeuka, usikiguse. Kama mimi nilimwamsha msimamizi kwa mlio wa kiti, kulungu si atahama wilaya?

Mwezi wa tatu ukiwa unakaribia kwisha, arbab akaniita. Mteja wake wa miaka mingi, mzee wa umri wa babu yangu, alikuwa anakuja kutafuta kiti. Mzee huyo alikuwa na nyonga mbovu na alikuwa amerudisha kila kitu alichonunua mwaka uliopita. "Muuzie kile cha kwenye nguzo," arbab akasema. "Akikirudisha, nawe unarudi. Khalas."

Mzee akaja baada ya alasiri, kanzu nyeupe pe, mkongojo mkononi, na sikio moja lisilosikia vizuri. Arbab alikuwa amekwenda kwa wakala wa mizigo. Kiarabu changu kilikuwa cha yalla na shukran, kwa hiyo mzee wa stoo akasimama kuwa mkalimani, na kwa ajili ya lile sikio ikabidi atafsiri kwa kupaaza sauti kama muadhini.

Mteja alikitazama kile kiti cha nguzoni kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja. Baada ya kukaa pale juu tangu alfajiri, ataweza kushuka mwenyewe?

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Ndiyo, baba, bila shida. Kiti kinauzika, nathibitishwa kazini, nabaki Dubai. Lakini nilimwangalia magoti. Nilijua kitatokea nini kwa magoti yale baada ya saa tano. Hata mimi, kijana, kuna siku niliinuka kufungua lango, mguu ukakataa, nikaanguka kifudifudi mbele ya lori, na ile ilikuwa ardhini. Huyu angeanguka kutoka juu ya ngazi.

"Mwambie hapana," nikasema. "Mwambie ataanguka."

Mzee wa stoo akanikodolea macho. "Mwana wewe una wazimu? Arbab amesema nini?"

"Mwambie, Mzee."

Akamwambia. Mteja hakukasirika. Nikasimamisha kibanda cha kitambaa katikati ya duka, nikaweka ndani kiti kipana cha wavu chenye mikono na miguu ya bapa isiyozama kwenye tope, nikamwingiza. Nikamwambia kiti hakijaribiwi kwa dakika mbili kama kofia, akae hasa. Akakaa. Nami nikachuchumaa pembeni yake mle gizani, mzee wa stoo akichungulia dirishani. Nikapima magoti yake yakae sawa na nyonga. Kwanza yalikuwa juu mno, nikabadilisha kiti. Dirisha nalo lilikuwa juu, angelazimika kunyoosha shingo siku nzima, nikalishusha. Tulikaa hivyo zaidi ya saa nzima. Wateja wengine waliingia, wakakuta hema linaongea Kiarabu, wakatoka.

Kisha mteja akauliza, na safari hii alikuwa amenigeukia. Mambo haya yote niliyajulia wapi? Niliwinda mnyama gani?

Nilikuwa nimechoka na simba wangu wa uongo. Na mzee yule alikuwa ameweka nyonga yake mikononi mwangu, jamani, hata roho ya soja ina mpaka.

"Mwambie sijawahi kuwinda kitu. Nilikuwa mlinzi. Nilikaa kwenye kiti kibaya miaka miwili."

"Nimwambie hivyo hivyo?" mzee wa stoo akaninong'oneza. "Nisipunguze?"

"Hivyo hivyo."

Akavuta pumzi, akapaaza sauti dirishani. Neno haris, yaani mlinzi, akalitamka mara tatu kwa sababu mteja hakulisikia mara mbili za kwanza. Ile ya tatu ililitikisa duka lote. Na arbab ndiyo kwanza alikuwa anaingia mlangoni.

Zipu ya kibanda ikafunguliwa kwa mkupuo mmoja. "Haris?" arbab akasema, akinitazama pale chini nilipochuchumaa. "Wewe haris?" Akaitazama nguzo yake na kiti chake cha bei, akanitazama tena. "Khalas. Toka. Kesho usije."

Niliiona kwaya yote, mandazi yote, na pasta akiwa mbele. Nikaanza kutambaa kutoka, na unyonge wa kutambaa ukiwa umefukuzwa sitaki nikuelezee.

Mteja akanishika bega. Akasema maneno machache kwa arbab, na mzee wa stoo akanifasiria, safari hii polepole. "Anasema asubiri kidogo. Anataka kuinuka, na wewe ndiye utakayemwonyesha."

Basi nikamwonyesha, kwa namna tulivyofundishana sisi wa zamu ndefu. Kwanza chezesha vidole vya miguu ndani ya kiatu mpaka uvisikie. Kandamiza visigino. Sogea hadi ukingoni mwa kiti, usikurupuke. Rudisha miguu nyuma, lala mbele kifua kikaribie magoti, halafu usukume mikono ya kiti. Safari ya kwanza alirudi chini, puu. Ya pili aliniegemea, nikamhisi anatetemeka. Ya tatu akasimama, nami nikiwa nimemshika kiwiko tu.

Alisimama mle ndani kichwa kikigusa paa la kitambaa, akamwambia arbab jambo refu. Mzee wa stoo alifuta macho kabla ya kunifasiria. Mwaka jana, kule mtini, wanawe wawili walimteremsha wakiwa wamembeba kama gunia, na waongozaji wa kizungu walikuwa wakitazama. Mwaka huu walikuwa wamemshauri abaki hotelini. Atachukua kiti hiki pamoja na kibanda. Na kama kuna kurudisha, atamrudishia huyu haris, hataki kumkuta mwingine.

Arbab alikuwa mfanyabiashara. Kabla ya uwindaji duka lile lile lilikuwa la mapazia, na yeye mwenyewe hajapata kukanyaga msitu. Akakuna ndevu. "Yalla," akaniambia, "unangoja nini? Mfungie mzigo."

Niliufunga. Kisha nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikalia kwa nguvu, nikanawa uso, nikarudi kuuza. Karatasi za visa arbab hakuzigusa. Alisema atangoja mzee arejee safarini. Wiki sita nilikuwa nashtuka kila gari jeupe lilipoegesha nje.

Mteja alikuja siku moja adhuhuri. Nikatazama mikono yake kabla ya uso. Hakuwa na sanduku la kiti, alikuwa na mkongojo tu. Nikakimbia kumfungulia mlango, nikamwita mzee wa stoo, na swali la kwanza lililonitoka ni kama alimpata kulungu.

Hakumwona hata mmoja. Siku tano, hata mkia. Mvua tupu, na baridi ya kuua mtu. Wanawe walipokuja jioni kumchukua, walikuja wawili, mikono imenyooshwa tayari kumbeba.

"Nikawaambia wasogee," akasema, na mzee wa stoo akanifasiria bila kupaaza sauti. "Niliinuka mwenyewe."