Tonge Alilolibeba Nyumbani

Somoe wa Tandika kauza samaki wa kukaanga tangu Mauwa yuko mgongoni, na kama kuna kitu asichokifanyia utani ni samaki. Apite kwenye mafuta, aungue kidogo mkiani, ndipo aitwe chakula. Bila hivyo, kwake yeye, ni uvivu wa mpishi tu.

Sasa sikia. Mauwa, mwanawe wa pekee, alipata kazi kwenye mgahawa wa sushi kule Mikocheni, ule ambao mteja anaagiza kaunta akala hapohapo. Alianza kwa kuosha vyombo. Siku aliyopewa kisu aandae mwenyewe, mtu wa kwanza aliyemwita alikuwa mama yake. Kwao, mtoto akipika chungu chake cha kwanza, mama ndiye humeza tonge la kwanza, mtoto akimtazama, kisha humwombea dua. Ugali wa kwanza wa Mauwa uliungua, tena una mabonge, lakini Somoe aliumeza huku machozi yanamlengalenga, akasema, "Mungu akubarikie mikono yako."

Basi Somoe akavaa dera jipya, akaketi kwenye kiti kirefu, miguu inaning'inia. Mauwa akamwekea sahani: matonge madogo ya wali, na juu yake vipande vya jodari, vyekundu, vibichi.

"Karibu, mama," akasema, akabaki kusimama palepale anangoja.

Somoe akamkagua jodari. "Mwanangu, gesi imewaishia?"

Wateja wakaangua kicheko. Mauwa naye akacheka, ila kidogo. "Ndivyo anavyoliwa, mama. Onja kimoja tu."

Angemeza tu, jamani! Si alimeza ugali ulioungua? Lakini watu wanatazama, na yeye muuza samaki mzima akaona haya. "Nifungie. Nitakula nyumbani."

Mauwa akamfungia.

Nyumbani Somoe akamtumbukiza jodari kwenye karai, wali akaupasha moto, akala vyote. Kisha akapiga simu kwa furaha zake: "Mauwa, nimemkaanga! Katoka mtamu huyo!"

"Haya, mama. Asante."

Hakugombana naye, na afadhali angegombana. Tangu hapo Mauwa akija Tandika huleta chipsi kuku, habari za kazi haleti. Alipopata kazi hotelini Zanzibar, aliaga kwa heshima zote, ila hakuomba dua. Hapo ndipo Somoe alipojuta kweli, maana alijua nani alianza kumnyima mwenzie.

Asubuhi moja akaliacha karai, akaenda Mikocheni. Kwenye kaunta alisimama mwanaume wa makamo, beji yake imeandikwa Brightson.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nipe kile alichokuwa anatengenezaga Mauwa."

Akafumba macho, akasema bismillahi, akatia kinywani. Kilikuwa baridi, laini, wala hakikuwa kibaya. Hilo ndilo lililomliza, kwamba hakikuwa kibaya hata kidogo.

Akapiga simu palepale. "Mauwa, nimekula! Kibichi hivyohivyo! Mungu akubarikie mikono yako, mwanangu."

Mauwa akauliza, "Nani kakutengenezea, mama?"

"Huyu hapa... Brightson."

"Basi hiyo dua ni ya Brightson, mama, mikono ni yake," akasema taratibu, wala si kwa hasira.

Somoe akageuka. Brightson alikuwa anafuta kisu.