Mtoto wa Arobaini na Moja

Saa tatu asubuhi, katika chumba kilicho juu ya duka la viatu, mwanamke wa miaka thelathini na minne amesimama dirishani, karatasi mkono mmoja, sindano ya kushonea mkono wa pili. Anatoboa. Kila penye nukta nyeusi anapitisha ncha ya sindano taratibu, midomo ikihesabu bila sauti. Akimaliza anainua karatasi ielekee jua, na vitundu vyote vinawaka kwa pamoja.

"Arobaini," anasema. Anahesabu upya kuanzia kushoto. "Arobaini tena."

Wanatakiwa kuwa arobaini na mmoja.

Kila nukta kwenye karatasi ile ni mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya siku zake na kulazwa wodini. Ukienda kulia unaona uzito aliozaliwa nao. Ukipanda juu unaona siku alizokaa wodini kabla ya kupelekwa kwao. Mtu akiitazama kwa haraka ataona madoadoa tu. Akitulia, ataona wodi nzima imelala pale, vitoto vya gramu elfu moja na mia mbili juu kabisa, vyenye unene kidogo chini, karibu na mlango wa kutokea.

Aliyewaandika watoto hao ni mkunga wa wodi hiyo. Kwa miaka minne, kila baada ya zamu, alijaza daftari akitaka kujua kama watoto wanaobebwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, huruhusiwa mapema. Aliandika makala ya kisayansi, akaituma kwenye jarida. Ikarudi. Akarekebisha, akaituma, ikarudi tena na barua fupi: jedwali lina watoto arobaini na mmoja, mchoro una arobaini, mwandishi aeleze kabla ya saa kumi na moja jioni ya leo, la sivyo faili litafungwa.

Barua haikusema mkunga ameongeza mtoto wa kubuni. Haikuhitaji kusema.

Ndiyo maana kazi imeletwa hapa, kwa mwanamke ambaye wateja wake humwita Fundi na majirani humwita Mama Michoro. Kazi yake ni kuandaa michoro na majedwali ya makala za kisayansi kwa kutumia programu ya LaTeX, ambayo yeye huitamka "lateki" kama vile ni jirani yake wa siku nyingi.

Anayedhani mchoro huchorwa, akikaa nyuma ya kiti cha Fundi anabaki mdomo wazi. Hapa mchoro huandikwa. Kwenye kioo cha kompyuta kuna maneno matupu, mabano, namba, na alama za mkwaju zilizoegemea upande usiozoeleka. Mstari mmoja unasema mhimili uanzie wapi, mwingine unasema nukta iwe na unene gani. Kisha anabonyeza kitufe kimoja, anasubiri kidogo, na kutoka katika msitu ule wa maandishi unatokea mchoro safi, mistari yake myembamba kama unywele, herufi zake sawa na za makala yenyewe. Ukimwona akifanya hivyo mara ishirini, mara ya ishirini bado unashangaa.

Kitendo hicho cha kugeuza maandishi kuwa ukurasa yeye hukiita kupika. Mama mkwe wake, anayeishi nao na ambaye wakati huu amekaa kitandani akikunja nguo za mjukuu, ana la kusema kuhusu hilo.

"Tangu asubuhi nasikia tunapika, tunapika," anasema. "Nyumba hii haijawahi kupika hivyo na watu wakawa na njaa hivi."

"Mama, kuna mkate kabatini."

"Mkate naujua. Nauliza kilichopikwa."

Fundi alianza kama mchapaji wa tasnifu chuoni, kazi ya kupiga taipu maneno ya watu wengine kuanzia asubuhi hadi jioni. Miaka kumi na miwili iliyopita mhadhiri mmoja alimwachia kurasa za hesabu zilizoshindikana kuchapwa kwa njia ya kawaida, na karatasi mbili za maelezo ya LaTeX. Hakuwa na mwalimu. Alijifunza kutokana na makosa, kwa sababu kila ukikosea mashine inakuandikia umekosea mstari wa ngapi. Jedwali lake la kwanza lilimchukua siku tisa.

"Bano moja tu nilisahau kulifunga," anakumbuka. "Siku tisa, kwa bano moja. Nililia, halafu nikaona aibu kulilia bano."

Sasa michoro na majedwali kama sitini hupita mikononi mwake kila mwezi: mahindi, mbu, madaraja, damu. Umeme ukikatika hufanya kazi kwa betri ya saa mbili, na kompyuta yake ina ufa unaoshuka kutoka juu hadi chini, hivyo amezoea kuandika upande wa kulia tu. Majedwali, anasema, yana tabia. Unaliweka hapa, lenyewe linakimbilia ukurasa wa mwisho, kama mtoto anayejificha asiogeshwe. Inabidi ulibembeleze.

Lakini leo si siku ya kubembeleza. Anarudi mezani na kufungua faili la takwimu alilotumiwa na mkunga. Anahesabu mistari. Arobaini na mmoja. Kwa hiyo mtoto yumo kwenye faili, yumo kwenye jedwali, ila mchoroni hayumo.

Anaipanga mistari yote kwa uzito, kutoka mdogo hadi mkubwa, na kuipitia kwa kidole, mmoja mmoja. Anapofika katikati, kidole kinasimama.

Gramu 1,640, siku 23. Chini yake: gramu 1,640, siku 23.

Mistari miwili inayofanana kama sarafu mbili. Nukta moja imelala juu ya nyingine, na sindano, hata iwe kali namna gani, hutoboa mara moja tu.

Angeweza kushangilia. Badala yake anaisoma tena mistari ile miwili, na mama mkwe anaacha kukunja nguo.

"Kuna nini, mwanangu?"

Fundi anamweleza kwamba mistari kufanana kuna maana mbili. Inawezekana ni watoto wawili kweli. Inawezekana pia ni mtoto mmoja aliyenakiliwa mara mbili, mkono umechoka, jicho limerudi mstari uleule. Ikiwa ni hivyo, watoto ni arobaini, jedwali zima ni kosa, hesabu zote zirudiwe, na mpaka saa kumi na moja haiwezekani. Miaka minne ya mkunga itarudi kabatini pamoja na jina lake.

Anapiga simu. Mkunga yuko zamu, anasema atatoka mchana. Fundi anamwomba aje na daftari la wodi lenyewe, si nakala.

Saa nane na nusu mkunga anapanda ngazi, sare bado mwilini, daftari amelikumbatia kwa mikono miwili. Ni mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea karibu na waliolala. Hakai. Fundi anamwonyesha mistari miwili na kumuuliza waziwazi kama huenda alimwandika mmoja mara mbili. Mkunga analamba kidole, anafungua kurasa, anapita miezi, anarudi nyuma kidogo.

Kisha anaketi ukingoni mwa kitanda, kando ya nguo zilizokunjwa.

"Mapacha," anasema. "Jamani. Mapacha wa kitanda cha sita."

Anawakumbuka sasa, na maneno yanamtoka kwa haraka. Mizani ya wodi huruka gramu ishirini ishirini, kwa hiyo watoto waliokaribiana iliwapa uzito mmoja. Mmoja wao alikuwa tayari kuruhusiwa siku ya ishirini na moja. Mama yao akakataa katakata. Alisema hawezi kutoka mlangoni na mmoja mkononi na mwingine amebaki wodini. Akambeba yule mzima kifuani siku mbili zaidi, mpaka mwenzake naye akaruhusiwa.

Mama mkwe anajifuta macho kwa shati la mjukuu. "Angetokaje na mmoja," anasema, kama vile kuna mtu aliyebisha.

Zimebaki saa mbili na robo. Mkunga anapendekeza jambo jepesi.

"Fundi, si umsogeze kidogo tu huyu wa pili? Kwa gramu kumi hivi, waonekane wote."

"Siwezi, dada."

"Gramu kumi. Nani atajua?"

"Wewe utajua. Huyu hakuzaliwa na gramu hizo, nikimsogeza nitakuwa nimemwandikia uzito wa mtu mwingine. Wamesema mtoto amepotea wapi? Mchoroni. Basi tumwonyeshe palepale."

Fundi anafungua sehemu inayoamuru sura ya nukta, anaongeza neno moja na namba moja ya kupunguza rangi nusu, ili mwanga upite. Anabonyeza. Wote wanasubiri.

Mchoro unatokea, na nukta zote zimekuwa kijivu chepesi, kama kivuli cha mkono juu ya ukuta. Zote isipokuwa moja. Pale kwenye gramu 1,640 na siku 23, rangi ya mmoja imelala juu ya rangi ya mwenzake, na nukta imekoza hadi kukaribia weusi. Hakuna aliyesogezwa. Wote wawili wapo.

Mkunga anasogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Chini ya mchoro Fundi anaandika sentensi moja ya maelezo: nukta nyeusi ni watoto wawili, mapacha. Saa kumi na dakika arobaini makala inakwenda.

Siku kumi na moja baadaye jibu linafika kwa mkunga naye analisoma amesimama kwenye korido ya wodi. Jarida limeridhika na maelezo, na makala itachapishwa. Jioni hiyo anapanda tena ngazi za duka la viatu, safari hii akiwa na wauguzi wawili nyuma yake, kila mmoja na daftari lake.

Hapo ndipo mpango wa Fundi ulipopata umbo. Kuanzia mwezi ujao, Jumamosi mchana, atafundisha wauguzi kuandaa michoro na majedwali yao wenyewe. Sita wameshajiandikisha. Anatafuta kompyuta ya pili, hata ya mtumba, ilimradi kioo kiwe kizima. Mama mkwe amesema viti atavipata yeye, na kwamba watu wakija wapikiwe kitu kinacholika.

Anapoulizwa kama haoni kwamba anajiondolea wateja, Fundi anacheka kwanza.

"Mimi wale mapacha niliwajua kama mstari wa kumi na tisa na wa ishirini," anasema. "Yule dada aliwashika mikononi. Mtu aliyewashika ndiye anayepaswa kujua kuwachora."