Usukani wa Mwalimu Ulivyochomoka

Naandika kwa kuwa mdomo wangu hauwezi kukiri: baisikeli ya Mwalimu niliiharibu mimi. Leo alikuwa aiendeshe hadi Ngonga kuposa, lakini usukani uliganda kwa kutu. Akanipa niuchomoe. Nilivyo na haya, sikuuliza namna. Nilijua tu kwamba moto hulegeza chuma, basi nikaipeleka ufukweni, shangazi alikokuwa akichoma vyungu, nikaitia motoni.

"We, itaungua!"

"Chuma hakiungui, shangazi."

Usukani ukachomoka kama ndizi mbivu kwenye ganda. Mwalimu akafika na kanzu yake ya kuposea, nikamwinulia usukani kwa madaha.

"Ndaga, asante mwanangu!" Kisha akaiona mipira ya magurudumu ikichuruzika kama uji mweusi. "Sasa hii niipande au niipakue?"