Siku Treni Ndogo Iliponyamaza

Siku ile tulikuwa watano: koko, yaani bibi yetu aliyetulea, wadogo zangu wawili, fundi jirani, na mimi, mkubwa wa mayatima.

Wote walinirudia akilini wiki iliyopita, nilipopita kule juu Kamembe nikakuta watu wanang'oa zile reli nyembamba. Wewe uliyekulia huku utaikumbuka bustani ile ya michezo: bembea, harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakikaangwa, ziwa likimetameta chini ya ukuta, na treni ya mabehewa mawili aliyoiunga fundi kwa mikono yake.

Haikuwa na injini. Sisi tusio na tiketi tuliisukuma mpaka juu ya mteremko, na malipo yetu yalikuwa kushuka nayo mara moja. Fundi alikaa mbele akikandamiza breki ya mbao na mpira wa tairi. Reli zililia njia nzima.

“Inalia sawa mbuzi ameona kisu!” watoto walimtania.

“Basi mushuke, mupande mbuzi!”

Nilishamwona akitia mafuta kwenye ekseli. Nikataka kumfurahisha, awapandishe wadogo zangu bila kusukuma, maana mmoja alikuwa na kikohozi kibaya. Asubuhi ile, kabla hajafika, nilichukua mawese ya koko nikapaka reli zote, juu mpaka chini.

Treni ilishuka kimya. Koko, aliyekuwa akimenya mihogo getini, aliinua kichwa. “Mbona leo hailii?”

Fundi alikandamiza breki. Magurudumu yaliacha kuzunguka, lakini treni ikazidi kuteleza. Wadogo zangu walikuwa wanacheka ndani ya behewa. Mbele yao ukuta. Ng'ambo ya ukuta, hewa tupu mpaka ziwani.

“Batoto, mulale chini!”

Fundi aliruka, akasukumia gogo lililokuwa kando ya reli mbele ya gurudumu, na mguu wake ukaenda pamoja nalo.

Wadogo zangu walitoka na michubuko. Yeye alikatwa mguu. Watu walisema breki zake zilikuwa za ovyo, hakubisha. Bustani ikafungwa, majani yakameza bembea. Mwaka uleule niliacha shule nikamsaidia koko kuwalea wadogo zangu. Leo wadogo zangu wana watoto wao.

Wiki iliyopita fundi naye alikuwa pale, ameegemea mkongojo, akitazama reli zikipakiwa kwenye lori.

“Mama,” aliniambia, “miaka yote hii najiuliza, ile breki nilikosea wapi.”

Nilimshika mkono, nikamsindikiza mpaka mlangoni kwake. Jibu lake lilikuwa mdomoni mwangu njia nzima. Bado ninalo.